Kidole kimevimba kama smokie, daktari ananiuliza habari za tumbo

#1 Msusi wa Soko
Hamjambo wadau. Nimetoka hospitali na hasira, naomba mtu anieleweshe.

Mimi ni msusi pale Kenyatta Market, huu mwaka wa kumi na moja. Nakula kwa vidole. Tangu mwisho wa mwezi wa tano goti la kushoto limejaa, kifundo cha mguu wa kulia kinauma, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimevimba chote, kuanzia shina mpaka ukucha, kama smokie. Sisemi kiungo kimoja, nasema kidole kizima. Asubuhi ngumi haikunjiki mpaka saa nne. Juzi mteja ameshakaa, nimegawanya nywele vizuri na kitana, kufika kubana zile fupi za kwenye paji zinaniponyoka. Nikajaribu mara tatu. Mwishowe jirani yangu akamaliza kichwa na pesa akachukua yeye, na ni haki yake.

Basi namwonyesha daktari kidole, ananiuliza: "Kabla ya hii kuanza, uliendesha?" Nikadhani hakunisikia. Namwambia daktari, mimi naumwa na kidole. Akarudia swali. Ukweli ni kwamba niliendesha, siku nne, tena na damu kidogo, baada ya harusi ya binamu yangu Machakos. Lakini hiyo ilipona kitambo! Akaniandikia vipimo chungu nzima, akasema bakteria wa tumboni wanaweza kuwasha moto kwenye viungo.

Tumbo na kidole wapi na wapi? Ama nimeliwa?

#2 Kondakta Mstaafu
Umeliwa, dada. Huyo anatafuta karo ya watoto wake. Hiyo ni baridi tu. Nairobi mwezi wa saba hata vyuma vinalia. Nunua glavu pale Gikomba, jipake ile mafuta ya moto, wiki mbili umerudi kazini.

#3 Labu Ni Kwangu
Kondakta, tulia kwanza. Nafanya kazi maabara, si daktari, lakini hili swali la kuendesha si la ajabu hata kidogo.

Kuna ugonjwa wa viungo unaofuata maambukizi ya tumbo. Salmonella, Shigella, Campylobacter, Yersinia, hao wanne ndio wanaojulikana zaidi. Mtu anaharisha, anapona, halafu wiki moja hadi nne baadaye goti linavimba. Huchagua viungo vya chini, goti na kifundo, na mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine. Na kidole kizima kuvimba kama ulivyosema ni alama ambayo madaktari wanaitafuta. Chlamydia ya sehemu za siri nayo hufanya vivyo hivyo, kwa hivyo wakikuuliza na hilo usikasirike mara ya pili.

Jambo la kushangaza ni hili: ukivuta maji ya goti ukayaotesha maabara, hakuna bakteria anayeota. Watafiti waliotazama kwa makini wamepata vipande tu, makombo ya ganda la bakteria. Yaani mgeni ameondoka, ameacha viatu mlangoni, na kinga ya mwili bado inapiga kelele mwizi! mwizi!

#4 Mzee wa Kibokoni
Assalaam alaykum. Kwanza "kuendesha" ni gari. Tumbo huharisha. Pili, naona mtu ataleta neno jongo hapa sasa hivi, nataka kumtangulia. Jongo ni ule wa kidole gumba cha mguu, wa walao nyama. Baridi yabisi ni jina pana la maumivu ya viungo. Msichanganye.

#5 Kondakta Mstaafu
Mzee asante. BARIDI yabisi. Baridi imo ndani ya jina lenyewe. Mimi nimeshinda, uzi ufungwe.

#6 Wa Burma
Mzee amenitangulia lakini nauliza hata hivyo. Harusi ya Machakos lazima mbuzi alichinjwa. Mimi nilishikwa na kidole cha mguu usiku wa manane, shuka ikigusa nalia, na chanzo kilikuwa nyama ya Ijumaa na bia. Dada hebu pima ile asidi.

#7 Labu Ni Kwangu
Asidi ya yuriki ni kipimo rahisi, apimwe tu. Lakini jongo kwa mwanamke ambaye bado anaona mwezi wake ni nadra. Na jongo huja kwa kishindo usiku mmoja, haliingii polepole viungo vitatu kwa wiki kadhaa. #6 pole lakini punguza Ijumaa.

#8 Mama Wawili
Msusi, pole mamangu. Nasoma hii nikiwa na mamangu mzazi hapa sebuleni, mwaka wa sita wa baridi yabisi ile ya kinga, ile inayokula vidole vya mikono yote miwili kwa pamoja, kushoto na kulia kama kioo. Yeye hakuharisha. Ilianza na pete ya ndoa kukataa kutoka. Tulipaka sabuni, tukapaka mafuta ya kupikia, tukafunga uzi, mwishowe fundi wa dhahabu akaikata na kikoleo huku mama ameangalia dirishani.

Ninachotaka kusema kwa nguvu: ukiandikiwa methotrekseti, ile dawa ya baridi yabisi ya kinga, ni kidonge cha WIKI, si cha siku. Kemisti mmoja mtaani kwetu aliandika kwenye bahasha "1x1" na mama akameza kila siku kwa siku tano. Mdomo ulijaa vidonda, hata maji hakuweza kumeza. Tangu siku hiyo tumeandika ALHAMISI kwa wino mwekundu kwenye kalenda.

Mambo ya bakteria nimeyasikia pia. Daktari wa mama aliwahi kutaja bakteria fulani wa utumbo, jina limenitoka.

#9 Panya wa Chiromo
Jina ni Prevotella copri, bila shaka. Ngoja niwape, maana hii ndiyo mada niliyosomea usiku kucha.

Mwaka 2013 watafiti wa New York walichunguza kinyesi cha watu ambao ugonjwa wa viungo ule wa mama yake #8 ulikuwa umeanza karibuni na hawajameza dawa. Kati ya 44, bakteria huyo alikutwa kwa 33. Kati ya watu 28 wasio na ugonjwa, alikutwa kwa 6 tu. Watu wakaruka, mshukiwa amepatikana!

Lakini angalieni kundi la tatu: waliougua siku nyingi na wanatumia dawa, 26, alikutwa kwa 3. Sasa niambieni. Dawa ndiyo imemfukuza? Ama ugonjwa ukiwa mbichi ndio unamtengenezea bakteria mazingira, halafu ukipoa anapungua? Nani amemleta nani?

#10 Kondakta Mstaafu
Thelathini na tatu kwa arobaini na nne, hiyo ni robo tatu ya gari. Mimi kwa hesabu za abiria huyo bakteria ana hatia.

#11 Panya wa Chiromo
Subiri usimshushe. Mwaka 2010 kulikuwa na utafiti wa watoto wa kijiji kimoja Burkina Faso ukiwalinganisha na watoto wa Florence, Italia. Wale wa Burkina Faso, wanaokula mtama, kunde na mboga, walijaa Prevotella. Wale wa Italia karibu hawana. Na watoto wa kijijini walikuwa wazima! Prevotella hupenda nyuzinyuzi. Mtu wa githeri na sukuma wiki huenda anaye tangu utotoni na hana habari. Kwa hivyo mshukiwa wa New York hapa kwetu huenda ni jirani wa kawaida. Ama ni wa ukoo mmoja lakini tabia tofauti, kama ilivyo kwa binadamu. Sasa hivi wanasema jina hilo moja limeficha aina kadhaa.

#12 Afya Asili
Nimefurahi mmefika hapa. Watu hawajui kwamba bakteria mwilini ni mara kumi ya seli zetu, uzito wa kilo mbili! Sisi ni bakteria wanaotembea. Tumbo likiharibika kila kitu kinaharibika. Dada, achana na dawa za hospitali. Kunywa mursik kila asubuhi, yale maziwa ya kugandishwa, yasiyochemshwa, bakteria wazuri wafukuze wabaya. Ninazo za kibuyu, nipigie.

#13 Panya wa Chiromo
Hiyo mara kumi ilishakufa. Mwaka 2016 hesabu ilirudiwa vizuri: bakteria kama trilioni 38, seli za mwili kama trilioni 30. Karibu sare. Na uzito wa bakteria wote ni kama gramu 200. Gramu mia mbili, pungufu ya robo ya sukari.

#14 Kondakta Mstaafu
Robo ya sukari inanisumbua hivi?

#15 Ng'ombe wa Kajiado
#12 kaka, mursik naipenda, nimekulia nyumba jirani na Wakalenjin na najua ule mkaa wa mti ukipakwa ndani ya kibuyu unavyonukia. Lakini usimwambie mtu mwenye viungo vilivyovimba anywe maziwa mabichi. Kuna brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Nina mifugo, na niliugua mimi mwenyewe: homa ya jioni, jasho la kulowesha shuka, mgongo na nyonga zinauma kama nimebeba mawe. Nilitibiwa malaria, nikatibiwa taifodi, mpaka daktari wa mifugo, si wa watu, akaniuliza kama nakunywa maziwa bila kuchemsha. Dawa nilimeza wiki sita. Msusi, swali langu: ulikunywa maziwa gani harusini? Yachemshwe kwanza, ndipo uyagandishe, hata hivyo yanakuwa matamu.

#16 Msusi wa Soko
Jamani asanteni. Maziwa sikunywa. Nilikula kachumbari, na ilikuwa imekaa juani. Homa ya jioni sina. Nilichosahau kusema ni kwamba wiki iliyopita jicho la kulia lilikuwa jekundu, nikadhani ni vumbi la soko.

#17 Labu Ni Kwangu
Jicho! Dada hilo ungelianza nalo. Jicho, goti na kidole vinaenda pamoja kwenye ugonjwa niliousema #3. Kama likiuma au mwanga unakuchoma, usisubiri miadi, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

#18 Binti Likoni
Nawasalimu. Mmeshikilia tumbo sana, mimi naleta mbu. Mwaka 2018 chikungunya ilipotupitia Mombasa nilikuwa huko. Homa siku nne, kisha viungo. Nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume. Homa imepona zamani, lakini vifundo vya mikono vilinisumbua karibu mwaka mzima. Kila mtu alikuwa na nadharia yake, mmoja akasema ni maji, mwingine akasema ni dawa ya kupulizia. Msusi, ulisafiri Pwani?

#19 Mzee wa Kibokoni
Naam, Likoni ahsante. Na wengi hawajui neno hilo lenyewe ni la watu wetu: Kimakonde, kutoka kusini ya Tanganyika, ulipozuka mwaka 1952. Maana yake ni kujikunja, kupindana. Wazungu walipofika wakalichukua jina lilivyo. Laiti na hawa bakteria wangepewa majina na Wamakonde, tungeyakumbuka.

#20 Msusi wa Soko
Sijaenda Pwani tangu mwaka juzi. Ningependa.

#21 Ufizi Mwekundu
Mimi niko kliniki ya meno Eastleigh na nashangaa posti ishirini hakuna aliyetazama mdomo. Utumbo unaanzia mdomoni wadau.

Kuna bakteria wa fizi zinazooza, Porphyromonas gingivalis. Ana kimeng'enya kinachogeuza protini za mwili umbo kidogo. Kinga ikiona protini yake mwenyewe imevaa nguo ngeni inatengeneza kingamwili dhidi yake. Na kile kipimo maalumu cha ugonjwa wa mama yake #8 kinatafuta kingamwili hizo hizo, ambazo huweza kuonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla kiungo kuuma. Sigara nayo inafanya mchezo kama huo kwenye mapafu. Kwa hivyo kabla ya kulaumu kachumbari, nani hapa fizi zake zinatoa damu akipiga mswaki?

#22 Mwalimu wa Zamani
Nimefundisha historia miaka thelathini, niruhusuni niwe na shaka. Haya si mapya. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Marekani na Uingereza waliamini baridi yabisi inatoka kwenye usaha uliojificha. Waling'oa meno ya watu, mdomo mzima, wakakata na tonsili. London kulikuwa na mpasuaji maarufu, William Arbuthnot Lane, aliyekata utumbo mpana wa wagonjwa akisema sumu inatoka humo. Watu walitoka bila meno, bila utumbo, na vidole vikiwa vimepinda vilevile. Sasa miaka mia imepita tumerudi mdomoni na tumboni. Ufizi Mwekundu, sikulaumu wewe, ila ukinishika na koleo nitakimbia.

#23 Panya wa Chiromo
Mwalimu, hoja nzuri, lakini tofauti ni kwamba siku hizi kuna panya. Mwaka 2010 maabara moja ya Harvard ilichukua panya wa ukoo ambao huugua viungo wenyewe, ikawalea bila bakteria hata mmoja. Ugonjwa ukapungua sana. Wakawapa bakteria wa aina moja tu, wale wembamba kama uzi wanaojishikiza kwenye ukuta wa utumbo, na viungo vikavimba upesi. Kabla ya hapo, mwaka 1994, panya waliopandikizwa jeni ya binadamu iitwayo HLA-B27 walilelewa vivyo hivyo bila bakteria, na viungo vyao vikabaki salama. Na mwaka 2022 watu wa Colorado walitoa bakteria kwenye kinyesi cha mtu mwenye zile kingamwili za #21, wakawapa panya, miguu ikavimba. Hakuna aliyeng'olewa jino.

#24 Mwalimu wa Zamani
Panya wa Chiromo anatetea panya. Tungetarajia nini?

#25 Labu Ni Kwangu
Hiyo HLA-B27 ni jeni inayotajwa sana Ulaya kwa ugonjwa wa Msusi, lakini kwetu Afrika kusini ya Sahara ni adimu. Zambia, ukimwi ulipoenea, madaktari waliona wagonjwa wengi wa aina hii ambao wengi hawakuwa na jeni hiyo. Ndiyo sababu watakupima na virusi pia, dada, ni utaratibu tu. Sasa kama jeni haipo, nini kinamfanya mmoja avimbe goti na wenzake waliokula kachumbari ile ile wapone? Harusi nzima haikuvimba.

#26 Msusi wa Soko
Kwa kweli watu kama ishirini waliharisha. Mama yangu mdogo alilazwa hata. Ni mimi tu.

#27 Mama Wawili
Nimemsomea mama posti ya Mwalimu amecheka mpaka akashika taya. Halafu akaniambia nichukue kile kikopo chake cha pili, sulfasalazini. Nikaitafuta historia yake. Mwalimu hii ni yako: aliianzisha daktari Mswidi, Nanna Svartz, mwishoni mwa miaka ya 1930, huyo huyo aliyekuwa profesa wa kwanza mwanamke kwenye chuo cha serikali Uswidi, 1937. Aliamini baridi yabisi inaletwa na maambukizi, akaunganisha dawa ya kuua bakteria na dawa ya jamii ya aspirini. Mpaka leo inatumika. Na kinachonichekesha, kidonge chenyewe kikifika utumbo mpana ni bakteria wanaokivunja vipande viwili. Yaani dawa inategemea washukiwa waifungue!

#28 Mwalimu wa Zamani
Hapo umenipata. Alikosea sababu akapata dawa. Ama hakukosea. Nitalala nalo.

#29 Kondakta Mstaafu
Sasa chakula. Watu wa maana wanataka kujua: nile nini, nisile nini?

#30 Panya wa Chiromo
Norwei mwaka 1991 waliwafungisha saumu wagonjwa wa baridi yabisi ya kinga siku saba hadi kumi, kisha wakawalisha mboga bila nyama kwa mwaka. Walipata nafuu kuliko wenzao waliokula kawaida, na nafuu ilidumu mwaka huo. Lakini mtu akila anajua anachokula, huwezi kumficha sahani kama unavyoficha kidonge, na maumivu husikia matumaini. London kulikuwa na daktari, Alan Ebringer, aliyeshikilia kwamba wagonjwa wa baridi yabisi ya uti wa mgongo wapunguze wanga, kwa sababu wanga hulisha bakteria Klebsiella. Wenzake wengi hawakukubaliana naye.

#31 Kondakta Mstaafu
Wanga, yaani UGALI? Huyo wa London abaki na uti wake.

#32 Wa Burma
Nyama hapana, ugali hapana, bia hapana. Mgonjwa atakufa akiwa na viungo vizuri sana.

#33 Shangazi wa Ngara
Nimenyamaza nikisoma, acha niseme moja. Msusi, usiende kununua ule unga mweusi wa River Road. Nilinunua. Siku ya tatu nilikuwa napanda ngazi nikiimba, nikawaambia shule nzima ya Jumapili. Mwezi wa pili uso ukawa mviringo kama sinia, suruali haifungi, sukari ikapanda. Daktari akaniambia unga kama huo mara nyingi huchanganywa na steroidi. Na huwezi kuacha ghafla, ilibidi anishushe polepole miezi mitatu. #12 sijui wewe unauza nini, lakini mimi nimeshaimba vya kutosha.

#34 Afya Asili
Yangu ni maziwa tu shangazi.

#35 Ng'ombe wa Kajiado
Mabichi.

#36 Msusi wa Soko
Nimerudi, ni wiki tatu. Vipimo: asidi iko sawa, brusela hakuna, virusi hakuna, vile vya baridi yabisi ya kinga vyote viwili havikuonyesha kitu. Choo nacho hakikuota chochote, daktari akasema ni kawaida, wageni wameshaondoka. Macho nilienda, ni mboni ya ndani ilikuwa imevimba, napewa matone. Amenipa dawa ya kupunguza uvimbe, goti limechomwa sindano. Amesema wengi hupona ndani ya miezi mitatu hadi mwaka, wengine haiondoki. Dawa ya kuua bakteria hakunipa, anasema kwa ile inayotoka tumboni haisaidii.

#37 Labu Ni Kwangu
Basi #3 nilikuwa karibu. Nafurahi jicho liliwahiwa.

#38 Mama Wawili
Labu usijipongeze mapema. Mamangu vipimo vyake vya kwanza vilikuwa safi kabisa, akaambiwa ni uzee. Mwaka wa pili ndio vikaonyesha. Msusi rudi kila miadi hata ukisikia vizuri.

#39 Ufizi Mwekundu
Na fizi?

#40 Msusi wa Soko
Fizi zangu ni nzima, haki nimeangalia kwa kioo. Leo nimesuka kichwa cha kwanza tangu mwezi wa tano, mistari minne ya mtoto wa jirani. Ile ya mbele nimebana kwa kidole cha kati, nimekuwa kama mwanafunzi.

#41 Kondakta Mstaafu
Mjukuu wangu anafungua shule Jumatatu. Utamweza Jumamosi? Nywele si nyingi, ni kelele tu.

#42 Msusi wa Soko
Mlete saa tano, kabla ya hapo ngumi haikunjiki. Mistari sita mikubwa, midogo sina. Na wewe uje na glavu.